Kuona Bila Miwani: Funzo la Historia Katika Kutunza Macho

Wahenga walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Usemi huu haukukusudia kuyadharau macho. Uliyachukua macho kuwa kipimo cha hasara kubwa kabisa iwezayo kumpata mtu katika mwili wake, kisha ukasema kwamba iko hasara moja tu inayoizidi hiyo. Kwa hiyo hata katika methali inayomliwaza kipofu, thamani ya macho imekwisha kukubaliwa.

Katika zama zote mwanadamu amejiuliza maswali mawili juu ya macho yake: ayalinde vipi yasiharibike, na ayarudishie vipi nguvu yakianza kuharibika. Maswali haya yanafanana, nayo majibu yake huchanganywa mara kwa mara. Anayejua namna ya kulinda hudhani kwamba anajua pia namna ya kuponya. Ndiyo maana mpaka leo, mjini na shamba, husikika watu wakiwashauri wenzao waitupe miwani, wafanye mazoezi ya macho, wale kitu fulani au watie maji ya majani fulani, na macho yatarudi kama yalivyokuwa ujanani.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza historia ya rai hiyo. Hatutaki kuidhihaki, kwani ndani yake umo ukweli ambao taifa lolote lingefanya kosa kuupuuza. Wala hatutaki kuisifu kwa sababu tu inajiita ya asili. Tunataka kuonyesha kwamba njia za asili zina nguvu kubwa katika kuyalinda macho, lakini nguvu hiyo ina mpaka wake. Na jamii isiyoujua mpaka huo hupata hasara pande zote mbili.

Macho na kazi

Utamaduni hutengenezwa kwa mikono, lakini mikono huongozwa na macho. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Washonaji wa kofia za mwambao hutoboa na kuzungushia uzi matundu madogo mno, mamia kwa mamia, mpaka maua yatokeze juu ya kitambaa. Wasusi wa ukili, wachongaji wa milango na wafua fedha, wote hawa huishi kwa kuona kitu kidogo kilicho karibu.

Sasa, katika umri wa miaka arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho la kila binadamu huwa imekwisha kuwa ngumu kiasi cha kushindwa kujikunja vizuri kwa ajili ya kuona karibu. Hili si ugonjwa, bali ni umri. Fundi huanza kuisogeza kazi mbali na uso, kisha huitafuta nuru ya mlangoni, na mwisho humwita mjukuu amtungie uzi katika sindano. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na upungufu huo. Fundi asipopata msaada huiacha kazi wakati ambapo ujuzi wake umekomaa na vijana wanamhitaji zaidi kuwa mwalimu wao. Hapo hasara huwa si ya mtu mmoja tena, bali ni ya ufundi wenyewe.

Asili ya miwani

Elimu ya kuona haikuanzia mahali pamoja. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na macho. Wengi waliomtangulia walidhani kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Yeye alionyesha kwa hoja na kwa majaribio kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu na kuliingia jicho. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikawa msingi wa wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi.

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia mnamo mwaka 1286. Mwaka 1306 mtawa mmoja, akihubiri mjini Florence, alisema kwamba haijatimia miaka ishirini tangu ufundi huo ugunduliwe. Miwani hiyo ilikuwa ya kuwasaidia wazee kuona karibu. Ile ya kuwasaidia wasioona mbali ilifuata katika karne ya 15. Lakini mafundi waliitengeneza kwa kujaribu tu, pasipo kujua sawasawa kwa nini inasaidia. Ilikuwa mwaka 1801 ambapo Thomas Young wa Uingereza alionyesha kuwa jicho hubadili mtazamo kutoka mbali hadi karibu kwa nguvu ya lenzi yake ya ndani. Mwaka 1864 Donders, tabibu wa Uholanzi, alichapisha kitabu kilichoupa upimaji wa miwani msingi wa kisayansi.

Yafaa ikumbukwe kwamba miwani haiponyi jicho. Kazi yake ni kuipinda nuru ili iangukie mahali panapostahili. Mkongojo nao haumponyi kiwete mguu wake, lakini humfikisha sokoni. Udhaifu huo wa miwani, yaani kusaidia pasipo kuponya, ndio uliofungua mlango kwa wale walioahidi kuponya.

Rai ya Bates

Mtu aliyeipa rai ya kuona bila miwani umbo lake la siku hizi alikuwa tabibu wa macho wa Marekani, William Horatio Bates, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1931. Bates hakuwa mchuuzi wa dawa za njiani. Alihitimu utabibu mwaka 1885, akatibu wagonjwa mjini New York na kuwafundisha matabibu wenzake. Mwaka 1920 alichapisha kitabu kilichodai kwamba macho yenye upungufu yanaweza kuponywa bila miwani.

Mafundisho yake yalikuwa haya. Lenzi ya ndani, alisema, haina kazi katika kubadili mtazamo. Kazi hiyo hufanywa na misuli iliyo nje ya jicho, ambayo hulibana jicho na kulirefusha au kulifupisha. Kwa hiyo upungufu wa kuona hutokana na macho kukazwa na akili kutaabika, na mtu akijifunza kuyapumzisha macho ataona vizuri. Mgonjwa alitakiwa ayafunike macho kwa viganja bila kuyagandamiza, auyumbishe mwili polepole huku macho yakifuata, akumbuke weusi mtupu usio na doa, na hata ayaelekeze macho yake kwenye jua.

Rai hiyo ilipata wafuasi wengi katika Marekani na Ulaya. Mwandishi Aldous Huxley wa Uingereza, ambaye ugonjwa wa macho alioupata mwaka 1911 ulikaribia kumpofusha, alijifunza utaratibu huo, na mwaka 1942 akatoa kitabu kizima cha kuusifu. Si vigumu kuelewa mvuto wake. Miwani ilikuwa ghali, na wako walioionea haya. Tabibu wa miwani humwambia mgonjwa avae na avumilie, ambapo Bates alimwambia kwamba uponyaji umo mikononi mwake mwenyewe. Maneno kama hayo huufurahisha moyo wa kila binadamu.

Hata hivyo, jambo halithibitiki kwa sababu linafurahisha. Daktari akitia jichoni tone la dawa iitwayo atropini, ule msuli mdogo unaoiendesha lenzi hulegea, ilhali misuli ya nje hubaki na nguvu zake zote na jicho huzunguka kama kawaida. Lakini mtu huyo hawezi tena kubadili mtazamo na kusoma maandishi ya karibu mpaka dawa iishe nguvu. Vivyo hivyo, mtu aliyeondolewa lenzi kwa upasuaji hupoteza uwezo huo, ingawa misuli yake ya nje haikuguswa. Ingekuwa Bates alisema kweli, watu hao wawili wangeona karibu bila taabu.

Aidha, vipimo vimeonyesha kwamba jicho lisiloona mbali kwa kawaida ni refu kupita kiasi, na milimita moja tu ya ziada hutosha kumfanya mtu ahitaji miwani. Jicho lililokwisha kurefuka halifupishwi kwa kupumzishwa, kama vile mtu mrefu asivyofupishwa kwa kulala.

Msomaji anaweza kuuliza: je, wale wote walioshuhudia kwamba wamepata nafuu walisema uongo? Hapana. Macho yaliyochoka hupata nafuu ya kweli yakipumzishwa. Tena, anayekunja kope huona vizuri zaidi kwa kitambo, kwa kuwa nuru huingia kupitia mwanya mwembamba. Anayepimwa mara nyingi kwa ubao mmoja huzikariri herufi zake bila kukusudia, na anayezoea kuona ukungu hujifunza kuutambua ukungu huo. Yote hayo hutokea, lakini hayalibadili umbo la jicho. Na zoezi la kulitazama jua lina hatari kubwa, kwani miali ya jua huunguza sehemu ya nyuma ya jicho pasipo mtu kuhisi maumivu, na pengine jeraha hilo halipoi maisha.

Jaribio la taifa zima

Iwapo mazoezi ya macho yalihitaji uwanja mkubwa wa kujaribiwa, uwanja huo ulikuwa Uchina. Kuanzia mwaka 1963 mazoezi maalumu yalienezwa katika shule za nchi hiyo. Watoto walifumba macho na kusugua kwa vidole sehemu fulani za uso, kila siku, kwa kufuata muziki. Mazoezi hayo hayakutokana na Bates, bali na elimu ya utabibu wa jadi ya Wachina wenyewe. Lakini tumaini lilikuwa lile lile. Nchi iliyaendeleza kwa nidhamu kwa miongo mingi. Pamoja na hayo, idadi ya vijana wasioona mbali iliendelea kupanda, hasa mijini.

Lakini ni katika nchi hiyo hiyo ambapo njia nyingine ya asili ilionyesha faida yake. Mjini Guangzhou shule 12 zilishiriki katika utafiti juu ya watoto wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, kama ilivyotangazwa mwaka 2015, watoto 30 hivi katika kila 100 walikuwa wamepata upungufu wa kutoona mbali, ambapo katika shule nyingine walikaribia 40. Wataalamu wengi wanaamini kwamba nuru kali ya nje ndiyo inayolizuia jicho changa lisirefuke kupita kiasi.

Yafaa tuyatazame vizuri matokeo hayo. Mazingira ya asili yalilinda, lakini hayakuponya. Mtoto ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kurefuka hakurudishiwa macho mafupi. Aliyefaidika ni yule ambaye upungufu ulikuwa haujamfika. Kwetu sisi funzo hili lina maana ya pekee. Kutoona mbali ni tatizo dogo zaidi katika Afrika kuliko katika Asia ya Mashariki, na watoto wetu walikulia nje: wakichunga, wakicheza kombolela, wakicheza rede mpaka jua litue. Michezo hiyo mara nyingi huhesabiwa kuwa upotezaji wa muda, na mzazi wa mjini huona fahari kumfungia mtoto ndani na vitabu tangu asubuhi. Inafaa azijue faida za michezo hiyo kabla hajaikomesha.

Mafunzo ya Dodoma

Ushahidi mwingine juu ya njia za asili tunao hapa hapa nyumbani, tena katika mkoa mmoja. Kwa muda mrefu surua ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za upofu wa watoto katika Tanzania. Mtoto asiyepata chakula chenye vitamini A ya kutosha, akipatwa na surua, kioo cha mbele cha jicho lake huweza kuharibika katika siku chache. Katika hospitali ya Mvumi, karibu na mji wa Dodoma, ulifanywa utafiti juu ya watoto 180 waliolazwa kwa surua; nusu yao hivi walipewa vitamini A kwa wingi pamoja na matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba kati ya watoto 88 waliopewa vitamini hiyo walifariki 6, na kati ya 92 wasiopewa walifariki 12. Mwaka huo huo mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohusika na afya na watoto yalipendekeza kwamba watoto wenye surua wapewe vitamini A katika nchi zenye upungufu wake.

Vitamini hiyo haipatikani katika vidonge peke yake. Imo katika ini, katika maziwa na mayai. Na katika mchicha, kisamvu, majani ya maboga, papai, embe na mafuta ya mawese kimo kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini hiyo. Wamisri wa kale, katika maandishi ya mnamo mwaka 1550 kabla ya Kristo, waliitaja ini kuwa dawa ya macho. Mama anayechanganya mboga za majani katika chakula cha mtoto anafanya kazi ya utabibu, ingawa hakuna anayemwita tabibu.

Funzo la pili linatoka Kongwa. Nchi hii kavu ilijulikana duniani kwa sababu ya mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, baada ya ukame na udongo mgumu kuwashinda. Ukame huo ulikuwa na madhara mengine, yasiyoandikwa sana katika vitabu vya uchumi. Ulisaidia kueneza ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao huenezwa kwa vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu. Mtu akiambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, kope zikageukia ndani, zikakwaruza jicho kila linapopepesa, mpaka likapofuka. Wanawake hupatwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaolea watoto.

Watafiti waliofanya kazi Kongwa katika miaka ya 1980 na 1990 waligundua kwamba akina mama hawakukataa kuwaosha watoto nyuso. Waliamini kwamba kufanya hivyo kungehitaji maji mengi, nao waliyateka mbali. Ilipoonyeshwa kwa vitendo kwamba lita moja ya maji, ikitumiwa kwa uangalifu, huosha nyuso za watoto wengi, mazungumzo ya kijijini yalibadilika. Katika vijiji sita watu walitibiwa kwa dawa ya kupaka. Kisha katika vijiji vitatu kati ya hivyo jamii ilihamasishwa kuwaosha watoto nyuso. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipatwa na vikope vikali kwa kadiri ndogo zaidi. Leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo ya mpango unaofuatwa duniani dhidi ya vikope, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Kwa mpango huo Ghana ilithibitishwa mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022, kuwa zimeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Asili na mazoea

Lakini si kila kitokacho shambani ni rafiki wa jicho. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na wako waliodhani kwamba jicho linalowasha litibiwe kwa kitu kinachowasha. Maji ya majani makali, unga wa mizizi na hata mkojo vimetiwa katika macho ya watoto wenye surua, na jicho lililokuwa na kidonda kidogo likatoboka. Wanja nao ni pambo letu la tangu zamani, lakini aina fulani za wanja huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na humdhuru zaidi mtoto mchanga. Kuyasema haya si kuutukana utamaduni. Utamaduni ulio hai huchagua: hulishika lenye kufaa na kuliacha lenye kudhuru, na mganga mwenye hekima hujua ni mgonjwa yupi wa kumpeleka hospitali mapema.

Hatari nyingine ni kungoja. Mtoto wa jicho hauondoki kwa majani wala kwa mazoezi. Huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho huiba nuru kidogo kidogo bila maumivu, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Anayetumia mwaka mzima akijaribu hiki na kile hupoteza mwaka ambao daktari angeutumia kumwokoa.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza inatupa kipimo cha kupimia kila ahadi ya kuona bila miwani. Maji safi usoni, mboga katika chungu, chanjo ya surua, mchezo wa nje na mapumziko baada ya kazi, hayo yote huyalinda macho, na hakuna miwani iwezayo kuchukua nafasi yake. Lakini jicho lililokwisha kurefuka, au lenzi iliyokwisha kukakamaa kwa umri, husaidiwa na kioo kilichopimwa vizuri. Kumnyima mtu kioo hicho kwa jina la asili ni kumdhulumu.

Yuko mtoto darasani asiyeuona ubao, naye huitwa mzembe. Yuko mshona kofia aliyeweka sindano chini katika umri wa miaka hamsini, na maua aliyoyajua hayana wa kuyarithi. Wote wawili wangeweza kurudishwa kazini kwa jozi ya miwani. Na yuko mtoto wa tatu, ambaye bado anaona vizuri: huyu hahitaji miwani, bali uso safi, chakula bora na uwanja wa kuchezea. Wajibu wetu ni kumpa kila mmoja kinachomfaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta ukikwisha kuanguka, anayeendelea kuziba ufa hupoteza udongo wake bure.